Posa, Ridhaa na Kalamu ya Mfasiri

Mswahili akitaka kueleza namna binti alivyopata mume, hana budi kuamua kwanza nani atabeba tendo. Akisema binti ameolewa, tendo limetajwa na mtendaji ni mume. Akisema wameoana, wawili wamegawana tendo sawasawa. Akisema ameozwa, ameingia mtu wa tatu, baba au walii au mjomba, ambaye jina lake halikutamkwa lakini mkono wake unaonekana. Silabi moja iliyopachikwa ndani ya kitenzi inatosha kubadili hukumu ya msikilizaji. Hali ni hiyo hiyo katika hatua inayotangulia ndoa: kijana ameposa, binti ameposwa, na yuko kijana mwingine ambaye ameposewa, yaani wakubwa wake wamekwenda, wamesema, wamekubaliwa, na yeye ameletewa habari. Huyu wa mwisho watu humsahau. Uchumba wa kupangwa hujadiliwa siku zote kama kwamba unamgusa binti peke yake, ilhali lugha yenyewe imekuwa ikishuhudia kwamba hata mwanamume huweza kufanyiwa.

Vipi basi uchumba wa namna hii utasemwa kwa Kireno? Swali linaweza kuonekana la anasa, hasa likiulizwa chini ya Mlima Meru, mahali ambapo Kireno hakijawahi kuwa lugha ya soko wala ya shamba. Walakini Arusha ni mji wa tarjuma. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapo tangu 2007, na Kireno ni mojawapo ya lugha zake rasmi. Miongoni mwa majaji wake amewahi kuwamo jaji kutoka Msumbiji. Kiswahili nacho kilipokewa na Umoja wa Afrika kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Kabla ya hapo, na kwa miaka ishirini hivi hadi ilipofunga milango yake mwaka 2015, ilikaa katika mji huo huo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Hukumu yake ya Akayesu, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 1998, ililazimika kutulia na kuyapima maneno kadhaa ya Kinyarwanda ambayo mashahidi waliyatumia kuelezea ubakaji, kwani baadhi yake, yakichukuliwa neno kwa neno, yasingesema zaidi ya kulala pamoja. Majaji walitambua kwamba stara ya shahidi, ikipita katika kalamu ya mfasiri asiyejali, huweza kugeuka utetezi wa mshitakiwa. Mji uliokwisha kujifunza jambo hilo una haki ya kuuliza kuhusu posa pia.

Na ichukuliwe posa kama inavyojulikana katika miteremko ya Meru, kuanzia Akheri na Nkoaranga kwa Wameru hadi Ilboru na Ngaramtoni kwa Waarusha. Wameru husema lugha ya Kibantu iliyo jirani na Kichagga. Waarusha husema Kimaa, na rika na ng'ombe wana nafasi kubwa katika maisha yao. Desturi za makabila haya mawili hazilingani, na ndani ya kila kabila zimebadilika kwa ukoo, kwa dini, na kwa umbali wa nyumba na barabara ya lami. Hata hivyo mhimili wake ni mmoja. Upande wa mume humtuma mshenga. Mshenga hupeleka maneno, siku hizi mara nyingi pamoja na barua na fedha ndani yake. Upande wa mke hupokea bila kujibu, kwani kujibu siku hiyo hiyo ni kujidharau. Hufuata vikao, pombe ya ndizi au ya asali kwa wanaokunywa na soda kwa walioacha, blanketi kwa wazee, mifugo au thamani yake. Mahali fulani katikati ya mambo haya, mapema au kwa kuchelewa, binti huulizwa.

Haifai kuyatazama mambo haya kwa macho ya mtalii. Ardhi ya mlima ni finyu, na Wameru wanajua thamani yake kuliko wengi: waliipeleka kesi yao hadi Umoja wa Mataifa, Kirilo Japhet akienda New York mwaka 1952 kueleza namna walivyofukuzwa Engare Nanyuki. Penye kihamba kilichogawanywa kutoka babu hadi mjukuu, na mfereji mmoja unaopita katika migomba ya watu wengi, ukwe ni ujirani pia. Wazee wanapochunguza ukoo wa mtu hawachunguzi sura. Wanauliza kama kuna ugonjwa unaorithiwa, kama baba yake alikuwa mtu wa kupiga, kama kaka zake wana kesi ya mpaka, kama maji yatapita. Kijana wa miaka ishirini na mbili haulizi maswali hayo, na hapana lawama kwake. Wala isidhaniwe kwamba anayechagua peke yake yuko huru kama ndege. Mshahara wa mjini huchagua, uzuri huchagua, upweke wa chumba cha kupanga huchagua. Mpango wa wazee angalau hutoka nje na kusema jina lake.

Sasa kamusi ya Kireno na ifunguliwe. Neno la kwanza linalojitokeza ni "noivado", uchumba. Ni neno la heshima, lakini limetokana na "noivo" na "noiva", wachumba wenyewe, na kwa msomaji wa Lisbon huleta picha ya watu wawili na pete. Ukoo haumo. La pili ni "casamento arranjado", ndoa iliyopangwa, na hili ndilo ambalo wafasiri wa haraka hulikimbilia. Kitenzi "arranjar" kina kazi nyingi: hutengeneza gari bovu, hupanga chumba, hutafuta kazi, na katika umbo lake la kudogosha, "arranjinho", kina harufu ya mapatano ya uchochoroni. Mzee wa Nkoaranga aliyekaa vikao vinne kutafuta heri ya binti yake hatapendezwa kuingizwa humo. Afadhali "casamento combinado entre as famílias", ndoa iliyoafikiwa baina ya familia, kwani "combinado" ni neno la watu waliokaa na kuelewana, na linaliacha wazi swali la binti: halisemi alikubali, halisemi alikataa. Kisha kuna "prometida", aliyeahidiwa. Neno hili lina ukweli mkali ndani yake. Kireno kinaweza kusema "ela prometeu-se", amejiahidi mwenyewe, na kinaweza kusema "ela foi prometida", ameahidiwa na mwingine, na baina ya maumbo hayo mawili ndipo lilipo suala lote.

Inastahiki kukumbukwa pia kwamba Kireno si cha Ureno peke yake. Huko Luanda, familia ya mume hupeleka "carta de pedido", barua ya maombi, na fedha huwekwa ndani yake; sherehe yenyewe huitwa "pedido", na malipo yake "alambamento". Hiyo si nyingine ila barua ya posa. Mfasiri anayehangaika na kamusi iliyochapishwa Ulaya, akijaribu kueleza kwa sentensi tatu kitu ambacho Mwangola anakiita kwa maneno mawili, anajitesa bure. Basi "ameposwa" iwe "foi pedida", ameombwa. Na kwa msomaji wa Luanda au Maputo hapana haja ya maelezo zaidi, kwani anajua kwamba anayeombwa ni ukoo. Kireno cha Afrika kimekwisha kuzunguka kikao hicho. Tatizo ni kwamba wahariri hukiona kuwa ni cha pembeni.

Pwani ya Waswahili ina mkataba wake wa zamani na Kireno, na mkataba huo una kichekesho. Katika karibu miaka mia mbili, tangu Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 hadi Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipotekwa na Waomani mwaka 1698, Kireno kiliiachia Kiswahili meza, bendera, mvinyo, leso na kasha. Bibi harusi wa Pwani hujifunga leso na huweka vyake kwenye kasha, kwa hiyo vyombo vya harusi vina damu ya Kireno. Maneno ya ndoa yenyewe hayana. Nikahi, mahari, talaka na ridhaa yametoka Kiarabu. Kuoa, kuposa, mke na mchumba ni ya Kibantu. Wareno walileta sanduku, wakaondoka bila kuulizwa lolote kuhusu kinachotiwa ndani. Na pale walipoacha neno zito, neno lenyewe lilipotea njia: "igreja", kanisa, likawa gereza.

Neno linalomtia mfasiri mashakani kuliko yote ni mahari. Kamusi itamwambia aandike "dote". Akiandika hivyo, ng'ombe wamerudi nyuma, kwani "dote" katika desturi ya Ulaya ni mali anayokuja nayo mke kutoka kwao. Mreno asiyejua atasoma kwamba baba wa binti wa Ngaramtoni ametoa ng'ombe ili binti aolewe, ilhali baba ndiye aliyepokea. Msumbiji ina "lobolo", na hata kitenzi "lobolar", lakini neno hilo ni la kusini mwa nchi ile na lina vita vyake: FRELIMO ililipinga, na jumuiya ya wanawake wa Msumbiji iliyoundwa mwaka 1973, wakati wapiganaji wangali wanazitegemea kambi za Tanzania, iliendeleza upinzani huo kwa kuona kwamba lobolo humfanya mwanamke bidhaa. Ukilitumia "lobolo" umeleta ng'ombe wa kweli, lakini umewaleta pamoja na mjadala wa watu wengine.

Na Kiswahili chenyewe hakina haki ya kucheka. Mahari ya Muislamu wa Pwani ni ya mke, haki yake mkononi mwake, hata kama jamaa watapata kilemba na mkaja pembeni. Mahari ya mlimani huenda kwa baba na ukoo. Neno ni moja, mikono ni miwili. Katika mji wa Arusha, ambako Muislamu wa Kondoa huoa binti wa Kimeru wa Kilutheri, na Mwarusha huoa binti wa Tanga, watu wawili waweza kukaa kikao kizima wakitaja mahari bila kujua kwamba kila mmoja anaipeleka fedha kwenye mfuko mwingine. Mfasiri mwaminifu hana njia ila kuacha nomino na kuufuata mkono: "o gado entregue ao pai", mifugo iliyokabidhiwa kwa baba, "a soma que pertence à noiva", fedha iliyo mali ya bibi harusi. Sentensi inakuwa ndefu. Na iwe ndefu.

Kuufuata mkono kunafikisha kwenye suala la maadili. Watu wengi wenye nia njema hutaka mstari uchorwe baina ya uchumba wa kupangwa na ndoa ya kulazimishwa, na wanadhani mstari huo upo katika nani aliyeanza: wazee wakianza, ni shuruti, vijana wakianza, ni uhuru. Mstari huo si wa kweli. Mzee aweza kupendekeza na kukataliwa, na kijana aweza kuanza kwa hiari yake akajikuta hana pa kurudi. Kipimo kilicho karibu zaidi na haki ni hiki: neno "hapana" linagharimu nini, na gharama hiyo inalipwa na nani? Posa ambayo binti anaweza kuikataa, akapata wiki mbili za nyuso zilizonuna kisha maisha yakaendelea, ni pendekezo, hata kama limeletwa na wazee saba. Posa ambayo akiikataa mdogo wake atatolewa skuli si pendekezo, hata kama aliulizwa kwa sauti ya upole.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ni ya Tanzania Bara, inaonyesha kwamba waliyoitunga waliliona jambo hili kwa sehemu. Inataka ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana. Inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku ishirini na moja kabla, ili mwenye pingamizi apate nafasi. Haimruhusu mtu kwenda mahakamani kumlazimisha mwenziwe atimize ahadi ya uchumba; aliyevunjiwa ahadi anaweza kudai gharama alizotumia, na aliyetoa zawadi kwa sharti la ndoa anaweza kuzidai zirudi. Yote haya ni ya busara, kwani yanaufanya uchumba kuwa mlango wa kuingilia na kutokea. Lakini sheria ikidai zawadi irudi, na zawadi imekwisha kuliwa? Blanketi limetandikwa, pombe imenywewa, ng'ombe ameuzwa kulipa karo ya kaka. Hapo haki ya mtoaji kurudishiwa chake, ambayo kwa yenyewe ni haki safi, inakuwa kamba kwenye kifundo cha mguu wa binti. Kila siku inayopita baada ya kupokea, bei ya "hapana" yake hupanda, na si yeye aliyeipandisha.

Kwa hiyo swali kubwa si kama binti aliulizwa, bali aliulizwa kabla au baada. Hapa Kireno, ambacho hadi sasa kimeonekana kuwa na upungufu, kina nguvu ya kusaidia. Kina wakati uliopita kabla ya uliopita, na hakimruhusu msemaji kukwepa: "perguntaram-lhe quando o gado já tinha sido recebido", walimuuliza wakati mifugo ilikuwa imekwisha kupokewa. Kiswahili kinaweza kusema hivyo pia, lakini masimulizi yake hupenda "-ka-": wakaja, wakakaa, wakapokea, wakamuuliza, akakubali. Mambo yanafuatana kama shanga katika uzi mmoja, na msikilizaji hasikii kwamba shanga ya kupokea imetangulia shanga ya kuuliza. Masikio yaliyozoea hadithi hulala usingizi katika "-ka-".

Kuna jingine ambalo Kireno hakitaliweza. Kiswahili kina ridhaa na kina radhi, na mzizi wao wa Kiarabu ni mmoja. Ridhaa ni ya binti: ameridhia. Radhi ni ya wazazi: wamempa radhi, au, Mungu apishe mbali, wamemnyima. Wasomaji wa tenzi wanajua uzito wa neno hili. Mwana Kupona binti Msham, katika wasia aliomtungia binti yake mwaka 1858, alimfunza mwanawe kuitafuta radhi ya mumewe hadi siku ya kufufuliwa. Kireno kinayatenganisha haya kama mafuta na maji: ridhaa ni "consentimento", jambo la mahakama, na radhi ni "bênção", jambo la ibada na la kizingiti cha nyumba. Binti akisema ameridhia ili asikose radhi, Mswahili anasikia kengele moja ikigonga mara mbili, na anaelewa papo hapo kwamba kuridhia kwa huyu kunaning'inia kwenye radhi ya wale. Mreno anasikia mambo mawili mazuri yaliyokutana kwa bahati: ametoa idhini, na amebarikiwa. Bei ya "hapana" imefutika. Si kwa uongo wa mfasiri. Imefutika kwa mpaka wa lugha. Hapo ndipo anapolazimika kuongeza maneno ambayo binti hakuyasema, "por temer perder a bênção dos pais", kwa kuogopa kuikosa baraka ya wazazi, na kila mfasiri anajua maumivu ya kuongeza.

Kimya nacho kina sheria zake. Wareno husema "quem cala consente", anyamazaye ameridhia. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi Pwani, kimya cha bikira huchukuliwa kuwa idhini yake, na baba ana daraja ya walii mujbir, ingawa kumtaka shauri binti kunahimizwa; ama aliyewahi kuolewa ni lazima aseme kwa ulimi wake. Hukumu hii ilizingatia haya ya msichana, si kumziba mdomo. Lakini Kiswahili kina methali inayosimama upande wa pili wa ile ya Wareno: kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwenye kuitafsiri methali moja kwa nyingine, kwa kuwa zote zinahusu kimya, atakuwa amemwoza binti kwa kalamu.

Na mara nyingi binti hanyamazi kabisa. Husema, "Sina neno." Ni jibu la adabu, la mtu aliyelelewa, maana yake ni kwamba hana pingamizi la kutaja mbele ya watu hawa, katika chumba hiki, leo. Mfasiri mchanga ataandika "não tenho palavra". Masikini! Katika Kireno, asiye na neno ni mtu asiyetimiza ahadi, kigeugeu. Msichana aliyetaka kuonyesha utii amekiri mbele ya hadhara kwamba yeye si wa kuaminiwa. Mfasiri mzoefu ataandika "não tenho nada contra", sina la kupinga, na atakuwa amepatia, isipokuwa sauti yake imekuwa ya mtu aliyepima mambo akaamua, na huenda hakupima lolote.

Yapo mahali ambapo tofauti hizi zimefika mbele ya majaji. Tarehe 11 Mei 2018, Mahakama ya Afrika ilitoa hukumu katika shauri la mashirika mawili ya haki za binadamu dhidi ya Mali, kuhusu Kanuni ya Familia ya nchi hiyo ya mwaka 2011. Pamoja na mambo mengine, kanuni hiyo ilimtaka ofisa wa serikali ahakikishe ridhaa ya wanaooana, lakini haikumbana kiongozi wa dini kwa namna hiyo, ilhali ndoa nyingi za Mali hufungwa mbele ya viongozi wa dini. Mahakama iliona kwamba Mali imevunja Itifaki ya Maputo, ile itifaki ya haki za wanawake iliyopitishwa katika mji mkuu wa nchi inayosema Kireno, mwezi Julai 2003, na ambayo inataka ridhaa huru na kamili ya pande zote mbili. Kiini cha hukumu hiyo, kwa upande wa ridhaa, ni kwamba haitoshi kusema binti hakupinga. Lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kumuuliza, na ambaye ataadhibiwa asipouliza. Tanzania nayo ilikuwa na lake: Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliona kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana aliye chini ya miaka kumi na minane kuolewa vinapingana na Katiba. Katika sheria hiyo idhini ya baba na ridhaa ya binti ziliandikwa kwa neno moja la Kiingereza, kama kwamba ni kitu kimoja chenye wenyewe wawili.

Kireno kilipata ujasiri wake katika Msumbiji. Serikali ya huko ilikuwa na mkakati wa taifa wa miaka 2016 hadi 2019 wa kupiga vita "casamentos prematuros", ndoa za mapema. Sheria ilipokuja, Sheria namba 19 ya mwaka 2019, neno "casamento" lilikuwa limeng'olewa. Mahali pake paliwekwa "uniões prematuras", miungano ya mapema. Hoja iko wazi: jambo linalofanyiwa mtoto halistahiki heshima ya kuitwa ndoa. "Casamento" limezaliwa na "casa", nyumba, na mtoto hajengi nyumba. Kiswahili bado kinasema ndoa za utotoni, na kwa kusema hivyo kinawapa waozaji cheti kabla ya kuwalaumu. Hapa tarjuma inaweza kugeuza mwelekeo wake, na mwanafunzi akawa ni Kiswahili.

Wapo watakaosema kwamba mfasiri si kadhi. Kazi yake ni kuhamisha maneno, na hukumu ina wenyewe. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo hana ruhusa ya kutumia maneno ambayo ni hukumu. Akiandika "casamento forçado" kila anapokutana na mshenga, amehukumu mlima mzima, na amewatukana mama waliokaa usiku kucha wakimwombea binti yao mume asiyepiga. Akiandika "noivado" tupu kila anapokutana na "alichumbiwa", amehukumu pia, kwa upande wa pili, na huenda amemrudisha mtu kwenye nyumba aliyoikimbia. Wa pili hushtakiwa mara chache kuliko wa kwanza, kwa sababu neno lake ni tamu. Njia iliyobaki ni ya vitenzi: nani alikwenda, nani alipokea, nini kilipokewa, nani aliuliza, lini, na binti alitamka nini. Vitenzi sita au saba, bila sifa. Jaji akivipata hivyo kwa Kireno kizuri, anajua la kufanya.

Katika vitenzi hivyo, kimoja hukosa mwenyewe karibu kila mara. "Aliulizwa", husema ushahidi. "Perguntaram-lhe", husema Kireno. Lugha zote mbili zimemficha muulizaji, moja kwa kutendwa, nyingine kwa wingi usio na jina. Lakini kila mtu wa Akheri anamjua: aliyetumwa kuuliza, aghalabu, ni shangazi. Amechaguliwa kwa sababu binti hawezi kusema na baba yake mambo hayo, naye shangazi ni mwanamke, anajua kuongea jikoni. Pia ni dada wa baba, ni wa ukoo unaopokea, na mara nyingine ana fungu lake katika vinavyopokewa. Angeulizwa na mama mdogo, dada wa mama, bei ya "hapana" ingekuwa nyingine. Kireno kinawaita wote wawili "tia". Mfasiri anayejali ataandika "perguntou-lhe a tia paterna", alimuuliza shangazi, upande wa baba. Na mhariri, kwa kutaka sentensi iwe nyepesi, atalikata neno la mwisho.